Uhuru Angani: Star Trek na Sikukuu Zake za Miaka Sitini

Tamthilia ya Kimarekani ya Star Trek ilirushwa kwa mara ya kwanza na shirika la NBC usiku wa Alhamisi, 8 Septemba 1966. Hiyo ndiyo tarehe inayohesabiwa kuwa siku yake ya kuzaliwa, na ndiyo inayoifikisha miaka 60 mwaka 2026. Lakini kama ilivyo kwa wazee wengi wa milima ya Upare, Tanzania, waliozaliwa kabla ya kadi za kliniki, tarehe hiyo ina maneno. Kituo cha CTV cha Kanada kilikionyesha kipindi hichohicho siku mbili kabla, 6 Septemba. Na mtunzi wa tamthilia, Gene Roddenberry, rubani wa zamani wa vita aliyewahi pia kuwa polisi wa Los Angeles, alikuwa ameshatengeneza kipindi cha majaribio mwishoni mwa 1964. NBC walikikataa, wakiona kinamtaka mtazamaji afikiri mno. Cha pili, cha mwaka 1965, wakakikubali. Kwa hiyo mtu akitaka kubishana, Star Trek ina siku za kuzaliwa zisizopungua tatu. Waadhimishaji walishaamua: ni 8 Septemba.

Hadithi inatokea katika karne ya 23. Mataifa ya dunia yameshapatana na kuungana na viumbe wa sayari nyingine katika shirikisho moja, na chombo cha anga kiitwacho Enterprise, chenye watu zaidi ya 400, kimetumwa safari ya miaka mitano kukagua kule ambako hajafika mtu. Nahodha ni James Kirk. Msaidizi wake, Spock, ana masikio yaliyochongoka. Mama yake ni binadamu, baba yake ni wa sayari ya Vulcan, ambako hasira na furaha hazionyeshwi hadharani. Kwenye usukani yupo Sulu, mwenye asili ya Asia, na kuanzia msimu wa pili akaongezeka Chekov, Mrusi, katikati ya Vita Baridi. Nyuma ya kiti cha nahodha, kwenye mitambo ya mawasiliano, anakaa Luteni Uhura, mwanamke Mwafrika.

Kwa msomaji wa Kiswahili hapo ndipo mambo yanaponoga. Mwigizaji Nichelle Nichols, Mmarekani mweusi aliyeanzia kwenye uimbaji na dansi, alikwenda kwenye usaili akiwa na riwaya ya Robert Ruark iitwayo Uhuru, iliyotoka mwaka 1962 na kuizungumzia Kenya iliyokuwa ikikaribia kujitawala, ikitazamwa zaidi kwa macho ya walowezi. Neno hilo likawavutia watengenezaji. Wakaona tu kwamba kwa jina la mwanamke ni gumu kidogo, wakalilainisha kwa kuweka a mwishoni.

Ulainishaji huo ni wa lugha za Ulaya, ambako a ya mwisho huashiria jina la kike. Kiswahili hakina habari na jambo hilo: ngeli zake hazibagui mke na mume. Uhuru umetokana na neno la Kiarabu la mtu asiye mtumwa, ukapewa u ileile ya utu na ukubwa. Ukibadilisha irabu ya mwisho hupati uhuru wa kike, unapata neno lisilokuwepo, na sikio la Mswahili hulisikia kama kosa la mpiga chapa. Hata hivyo asili yake haikujificha. Tanganyika ilikuwa imejitawala tarehe 9 Desemba 1961, Zanzibar 10 Desemba 1963 na Kenya siku mbili baadaye. Upareni shauku ya uhuru ilikuwa na umri mkubwa zaidi, kwani mwaka 1945 maelfu ya watu walishuka kutoka milimani hadi Same kuipinga kodi ya mbiru, iliyomkadiria kila mtu kwa mali yake. Miaka 21 baada ya watu hao kukaa mbele ya boma la serikali, neno uhuru, likiwa limepindwa kidogo, lilikuwa likitajwa kila wiki katika sebule za Marekani.

Na si jina peke yake. Katika kipindi kilekile cha 8 Septemba 1966, kiitwacho The Man Trap, kuna kiumbe anayeishi kwa kunyonya chumvi ya miili ya watu. Silaha yake ni sura: kila anayemtazama humwona mtu anayemtamani. Kiumbe huyo anapita kwenye ujia wa chombo, anamwona Uhura yuko peke yake, anayasoma mawazo yake. Mara moja anageuka kijana mweusi, mrefu, nadhifu, na kumsemesha kwa Kiswahili. Uhura anasimama, uso unambadilika, anamjibu kwa lugha hiyohiyo. Kiswahili chenyewe ni cha kuokoteza, maneno machache tu, lakini kinatambulika. Kama asingeitwa kazini wakati huo angekuwa maiti. Basi siku ya kwanza kabisa ya Star Trek kwenye televisheni ya Marekani, Kiswahili kilisikika, na kilisikika kama chambo cha jini.

Mwaka mmoja baadaye, katika kipindi cha The Changeling cha 29 Septemba 1967, mtambo mmoja unaifuta kumbukumbu yote ya Uhura, na wenzake wanalazimika kumfundisha kusoma upya kama mtoto wa darasa la kwanza. Anapokwama kwenye Kiingereza, hasira zinamtoka kwa Kiswahili. Waandishi huenda hawakufikiria sana, lakini walichokionyesha ni kitu ambacho kila aliyelelewa kwa Chasu, lugha ya Wapare, nyumbani na Kiswahili shuleni anakifahamu: lugha ya kwanza ndiyo hukimbiliwa mtu anapozidiwa.

Watazamaji hawakutosha. Mwanzoni mwa 1968 NBC ilipotaka kuifuta tamthilia, mashabiki, wakiongozwa na mume na mke, Bjo na John Trimble, waliandaa kampeni ya barua iliyoliletea shirika magunia ya posta. Ulipatikana msimu wa tatu, kisha kifo. Kipindi cha 79, cha mwisho, kilirushwa tarehe 3 Juni 1969. Wiki saba baadaye, 20 Julai, watu wawili walitua mwezini.

Hapa ndipo ilipo siri ya sikukuu zote zilizofuata. Tamthilia iliyoishi misimu mitatu haikuwa na sababu ya kukumbukwa. Iliyoifufua ni marudio: vituo vidogo vya Marekani vilinunua vipindi vile 79 na kuvirusha jioni baada ya jioni, watoto wakirudi shuleni wakavikuta. Januari 1972 mashabiki walifanya mkutano wao mkubwa wa kwanza mjini New York. Tangu hapo kila umri wenye sifuri au tano mwishoni ukawa kisingizio cha kutoa kitu kipya, na anayeifuata historia ya Star Trek kwa maadhimisho yake hupata picha ya kweli kuliko anayehesabu vipindi.

Kati ya kufutwa na kufufuka kuna tukio moja la Afrika Mashariki ambalo halikuhusiana na tamthilia, ila ni vigumu kulipita kimya. Tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti ya Marekani ya kupima mionzi ya eksirei itokayo kwenye nyota ilirushwa kutoka San Marco, jukwaa la Waitaliano lililosimama baharini karibu na Malindi. Siku hiyo Kenya ilikuwa ikitimiza miaka saba ya kujitawala, na setilaiti ikapewa jina Uhuru, bila kulainishwa. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengewa kazi hiyo peke yake. Iliorodhesha vyanzo 339 vya mionzi hiyo, na vipimo vyake vya chanzo kiitwacho Cygnus X-1 viliwaelekeza wanasayansi kwenye shimo jeusi. Kiongozi wa utafiti, Riccardo Giacconi, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Uhura wa hadithi alikuwa amemtangulia Uhuru wa kweli angani kwa miaka minne tu.

Mwaka wa kumi, 1976, ulileta zawadi ambayo haikutoka kwa kampuni ya filamu. NASA ilikuwa imemaliza kuunda chombo cha kwanza cha aina mpya chenye mabawa, na kilikusudiwa kuitwa Constitution. Mashabiki wakarudia silaha yao ya 1968: barua kwa maelfu zikamfikia Rais Gerald Ford, na jina likabadilishwa kuwa Enterprise. Kilipotolewa bandani Palmdale, California, tarehe 17 Septemba 1976, Roddenberry na waigizaji wengi wa tamthilia walikuwa wamesimama mbele yake, Nichols akiwemo. Chombo hicho hakikuwahi kwenda angani. Kilitumika kwa majaribio ya kutua.

Nichols hakutosheka na picha. Mwaka 1977, kupitia kampuni yake ya Women in Motion, alichukua kazi ya NASA ya kuwatafuta wanawake na watu wasio weupe waombe nafasi za uanaanga. Kundi la watu 35 lililotangazwa Januari 1978 lilikuwa na wanawake sita, Wamarekani weusi watatu na Mmarekani mmoja mwenye asili ya Japani. Ndani yake alikuwemo Sally Ride, Mmarekani wa kwanza mwanamke kwenda angani, na Guion Bluford, Mmarekani mweusi wa kwanza.

Wakati huo Usangi, kule Upare, haikuwa na televisheni, wala sehemu nyingine yoyote ya Tanzania Bara. Kenya ilianza matangazo ya picha mwaka 1962, Uganda 1963, na Zanzibar ilifungua kituo chake, tena cha rangi, mwaka 1973. Bara, serikali iliona chombo hicho ni anasa. Milimani watu walikaa na redio ya betri na sauti ya Radio Tanzania. Vituo vya kwanza vya televisheni vya Bara vilianza mwaka 1994. Kwa hiyo Mpare aliyezaliwa siku moja na Star Trek alikuwa na miaka 27 au 28 kituo cha kwanza cha upande wake wa Muungano kilipoanza.

Mwaka wa 20 ulianza kwa msiba. Tarehe 28 Januari 1986 chombo cha Challenger kilipasuka sekunde 73 baada ya kuruka, na watu saba wakafa. Wanne kati yao, wakiwemo Ronald McNair, Judith Resnik na Ellison Onizuka, walitoka katika kundi lile la 1978. Filamu ya nne ya Star Trek ilipotoka Novemba mwaka huo, ilifunguliwa kwa maneno ya kuitoa iwe heshima kwa watu wa Challenger. Mwezi mmoja kabla ilikuwa imetangazwa kwamba televisheni ingepata tamthilia mpya kabisa, The Next Generation, iliyoanza Septemba 1987 na kudumu misimu saba. Hii ndiyo iliyogeuza kumbukumbu kuwa ukoo: baada yake zikaja Deep Space Nine, Voyager na Enterprise.

Sikukuu ya 25 ilipaswa kuwa ya Roddenberry, lakini alifariki 24 Oktoba 1991, wiki sita kabla ya filamu ya sita kutoka. Filamu hiyo ina onyesho ambalo mpenzi wa Uhura hulitazama kwa kukunja uso. Chombo kinasimamishwa na walinzi wa Klingon, viumbe walio maadui wa shirikisho, na afisa mawasiliano, mwenye kazi hiyo tangu 1966, anazama kwenye kamusi za makaratasi akitafuta neno la kujibu. Ni kichekesho, na watu walicheka. Lakini mtu ambaye kazi yake ni lugha hapaswi kudhalilishwa hivyo mwishoni mwa safari.

Fidia ilikuja kutoka nje ya filamu. Tarehe 12 Septemba 1992, Mae Jemison, daktari aliyekulia Chicago akimtazama Uhura kwenye kioo, alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza kwenda angani. Alizoea kuanza zamu yake kwa maneno ya Uhura ya kufungua mawasiliano. Jemison, aliyewahi kufanya kazi na madaktari wa ndege Afrika Mashariki, anazungumza Kiswahili. Mwaka uliofuata alicheza nafasi ndogo katika The Next Generation, akiwa mwanaanga wa kweli wa kwanza kuonekana ndani ya tamthilia.

Katika sikukuu zote, ya 30 ndiyo iliyofanywa kwa ufundi mkubwa zaidi. Mwaka 1996 Deep Space Nine iliwarudisha watu wake kwa hila ya hadithi ndani ya kipindi cha zamani, The Trouble with Tribbles cha Desemba 1967, kinachohusu vidudu vya manyoya vinavyozaana bila kikomo mpaka vinajaza maghala ya nafaka. Ugumu ulikuwa kumweka mwigizaji wa 1996 pembeni ya mwigizaji wa 1967 bila mshono kuonekana. Mafundi walijenga upya ujia na vyumba vya Enterprise kwa kupima picha za zamani, wakashona sare kwa rangi zilezile, wakatafuta filamu yenye chembechembe kama za zamani na taa zenye vivuli vikali vya miaka ile. Kisha kompyuta ikaunganisha. Katika onyesho la mwisho, Kapteni Sisko, aliyeigizwa na Avery Brooks, anamkabidhi Kirk orodha ya zamu na kusalimiana naye. Picha hiyo ya Kirk haikutoka hata kwenye kipindi cha vidudu. Ilichukuliwa katika kipindi kingine cha 1967. Mtazamaji hang'amui.

Ya 40 ilikuwa kinyume chake. Enterprise, tamthilia ya mwisho ya ukoo ule, ilikuwa imemalizika Mei 2005, na mwaka 2006 hapakuwa na kipindi kipya popote. Sherehe ikawa mnada. Kwa siku tatu za Oktoba, nyumba ya Christie's mjini New York iliuza sare, masikio ya plastiki, viti na silaha bandia, na jumla ikapita dola milioni 7. Mfano wa chombo uliotumika kupigia picha The Next Generation ulikwenda kwa dola 576,000. Ilifanana na familia inayogawana vyombo vya marehemu, ila bei zilionyesha kwamba marehemu ana ndugu wengi kuliko ilivyodhaniwa. Miaka mitatu baadaye filamu zikaanza upya na waigizaji vijana.

Sikukuu ya 50, mwaka 2016, ilipata filamu ya Star Trek Beyond na stempu za posta ya Marekani. Jumba la makumbusho ya anga mjini Washington nalo liliurudisha ukumbini mfano halisi wa Enterprise ya 1966, wenye urefu wa zaidi ya meta tatu, baada ya kuufanyia ukarabati. Leonard Nimoy, Spock wa kwanza, alikuwa ameshafariki Februari 2015. Mwaka 2017 tamthilia zikarejea, safari hii kwa njia ya intaneti.

Uhura naye aliendelea kukua. Jina lake la kwanza halikutajwa kwenye televisheni hata siku moja katika miaka ya 1960. Lilianzia katika vitabu vya miaka ya 1980 na kuthibitishwa na filamu ya 2009, ambamo Zoe Saldaña alimwigiza: ni Nyota. Safari hii waandishi hawakulipinda neno. Katika tamthilia ya Strange New Worlds, iliyoanza Mei 2022, Celia Rose Gooding anamwigiza Nyota Uhura akiwa bado mwanafunzi, mzaliwa wa Kenya, binti wa walimu wa Chuo Kikuu cha Nairobi, anayezungumza lugha 37. Kamusi za makaratasi hazihitajiki tena. Nichols alifariki tarehe 30 Julai mwaka huohuo, akiwa na umri wa miaka 89, na sehemu ya majivu yake ilirushwa kwa roketi ya Vulcan tarehe 8 Januari 2024, katika safari iliyopewa jina la Enterprise.

Kuitazama leo kutoka Usangi kunategemea dishi, king'amuzi au bando la simu. Mawimbi ya minara ya televisheni husafiri kama mwanga wa tochi: kilima kikisimama katikati, nyumba iliyo bondeni hukosa, na Upare ni nchi ya vilima na mabonde. Setilaiti inayorusha kutoka juu haizuiwi na mgongo wa mlima Kindoroko. Anayetaka kuadhimisha kwa saa kamili hana budi kupiga hesabu. Kipindi cha kwanza kilianza saa mbili na nusu usiku kwa saa za New York, ambazo wakati huo wa mwaka ziko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa saba. Kwa saa ya Usangi, Star Trek ilizaliwa Ijumaa, 9 Septemba 1966, saa tisa na nusu usiku.